Chuo Kilichowafuata Wavuvi

(Hotuba iliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Ratiba inasema kwamba nitazungumza juu ya elimu ya ushirika. Najua kwamba maneno hayo yakitajwa wengi wetu hujiandaa kusinzia, nami simlaumu mtu, maana tumeyasikia mara nyingi na mara nyingi hayakufuatwa na kitendo. Kwa hiyo leo sitaanza na nasaha. Nitasimulia habari za chuo kimoja cha pwani na za watu waliokizunguka, kisha tutazame pamoja kama habari hizo zinatuhusu.

Sababu ya kuchagua habari hizi ni hii. Katika makisio ya vyama vya msingi yaliyopita mezani kwangu msimu huu, nimeona vyama kadhaa vimefuta kabisa fungu la elimu ya wanachama. Maelezo yaliyoandikwa pembeni ni mamoja: kubana matumizi. Fungu la posho za vikao halikubanwa. Fungu la safari halikubanwa. Lililobanwa ni lile ambalo mwenyewe hakuwapo chumbani kulitetea, yaani fungu la mwanachama. Makisio hayo bado hayajafika mbele ya mikutano mikuu, na mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho. Basi kabla hamjainua mikono, naomba mnisikilize.

Mahali na watu wake

Upande wa mashariki wa nchi ya Kanada, unaopakana na Bahari ya Atlantiki, liko jimbo liitwalo Nova Scotia. Ni nchi ya ghuba, rasi na visiwa, na majira yake ya baridi ni makali na marefu. Wenyeji wake wa asili ni watu wa kabila la Mi'kmaq. Baadaye walihamia Wafaransa, na baada yao Waskoti na Waairishi, wengi wao wakiwa maskini waliokosa ardhi makwao. Watu hao walilima mashamba madogo, walivua samaki, na katika kisiwa cha Cape Breton walichimba makaa ya mawe.

Mwaka 1853 Askofu Colin MacKinnon alianzisha chuo kidogo katika mji wa bandari uitwao Arichat. Mwaka 1855 chuo hicho kilihamishiwa Antigonish, mji mdogo ulio karibu na ghuba, kikajulikana kwa jina la St. Francis Xavier, na mwaka 1866 kilipewa mamlaka ya kutoa digrii. Kazi yake ilikuwa ni kuwaelimisha vijana wa eneo lile ili wawe mapadri, walimu, madaktari na mawakili. Ilikuwa kazi njema, wala hapana wa kuibeza. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo ambalo watu walichelewa kuling'amua. Mtoto wa mvuvi akiisha kusoma hakurudi kwenye mashua ya baba yake. Alikwenda mjini, au alivuka mpaka akaenda Boston, Marekani. Kwa hiyo kadiri chuo kilivyozidi kusomesha ndivyo kijiji kilivyozidi kupoteza watu wake, na waliobaki waliendelea kuwa katika hali ileile.

Nayo hali hiyo ilikuwaje? Mvuvi alikopeshwa nyavu, chumvi, unga na mafuta na mfanyabiashara wa samaki. Alilipa kwa samaki. Bei ya samaki ilipangwa na yuleyule aliyekopesha, na bei ya unga pia ilipangwa na yeye huyohuyo. Daftari la deni lilikuwa dukani kwake. Mwisho wa msimu mvuvi aliambiwa kiasi alichobakiza kulipa, naye hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli. Ndugu zangu wa pwani, je, kuna haja ya kuwafafanulia zaidi? Kwetu mwenye vyombo tunamwita tajiri, naye ndiye anayempangia bei mvuvi aliyechukua nyavu zake. Na kwa upande wa korosho tunalo neno letu, kangomba, ambalo hata mtoto mdogo analijua.

Padri aliyehamishwa

Katika chuo hicho alikuwapo mwalimu mmoja, Padri James Tompkins, ambaye watu walimwita Padri Jimmy. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, asiyetulia. Mwaka 1921 alitoa kijitabu akidai kwamba elimu ya chuo haina budi kuwafikia watu wote, siyo wale wachache wanaopita langoni na kutoka na vyeti. Mwaka huohuo wa 1921, mwezi Januari, chuo kilifungua mafunzo mafupi yaliyoitwa Shule ya Watu. Walihudhuria watu wapatao 50, wakulima na watu wa kawaida. Hapakutakiwa cheti chochote cha shule. Walisoma kwa wiki kadhaa za majira ya baridi, wakati ambapo kazi za shamba zimesimama, kisha wakarudi makwao.

Baadaye ulizuka mgogoro juu ya mpango wa kuviunganisha vyuo vikuu vya ukanda ule. Padri Tompkins aliuunga mkono. Askofu wake aliupinga. Mwisho wa mwaka 1922 Tompkins aliondolewa chuoni akapelekwa kuwa padri wa Canso, bandari ya wavuvi iliyo kwenye ncha ya mashariki ya bara la Nova Scotia. Walioamua hivyo labda walidhani wamemnyamazisha. Kumbe walikuwa wamempeleka kwa watu ambao alikuwa akiwasemea kutoka mbali.

Huko Canso aligawa vitabu na magazeti, alikwenda kwa watu gatini na majumbani, na kila aliyekutana naye alimtwisha swali. Kwa nini bei ya samaki ni ile? Ni nani anayeipanga? Samaki wenu wakiondoka hapa wanakwenda kuuzwa kwa kiasi gani? Alifanya hivyo kwa miaka karibu mitano bila kuonekana matunda makubwa. Kisha ilifika tarehe 1 Julai 1927, siku ambayo Kanada yote ilisherehekea kutimia miaka 60 tangu kuundwa kwake. Wavuvi wa Canso walikusanyika wakasema kwamba wao hawana cha kusherehekea. Sauti ile ilisikika. Mapadri wa jimbo waliichukua, magazeti yakaiandika, na mwaka huohuo serikali iliunda Tume ya kuchunguza hali ya uvuvi katika majimbo ya pwani.

Mbele ya Tume hiyo alitoa ushahidi binamu yake Tompkins, Padri Moses Coady, mwalimu wa chuo cha Antigonish. Yeye alikuwa pande la mtu, mwenye sauti nzito, aliyezaliwa mwaka 1882 katika bonde la Margaree. Aliieleza Tume kwamba dawa ya wavuvi ni kujifunza na kujiunga pamoja. Tume ilipotoa taarifa yake mwaka 1928 iliunga mkono kuundwa kwa vyama vya ushirika vya wavuvi.

Idara ya kuwafuata watu

Mwaka huohuo wa 1928 chuo kiliamua kuanzisha Idara ya kupeleka elimu nje, na Coady akafanywa mkuu wake. Kazi ilianza hasa mwaka 1930. Kabla ya hapo Coady alikuwa ametumwa na serikali kuwaunganisha wavuvi, akasafiri pwani yote, majira ya baridi na theluji, kutoka gati moja hadi jingine. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1930 wajumbe wa wavuvi walikutana mjini Halifax wakaunda chama kikuu cha wavuvi wa majimbo yale.

Sasa naomba makatibu mwe makini, maana hapa ndipo palipo na jambo ambalo tunaweza kulichukua. Njia waliyoitumia haikuwa ya kujenga madarasa. Ilikwenda hivi.

Kwanza, uliitishwa mkutano wa hadhara kijijini. Mtu wa Idara alizungumza, lakini hakuja na chama mfukoni. Aliwaeleza watu kwamba hali yao si amri ya Mungu, na kwamba inaweza kubadilika kama wakiichunguza.

Pili, kabla ya mkutano kufungwa, watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya masomo, majirani kwa majirani. Kila kikundi kilikutana jikoni kwa mmoja wao, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, chini ya taa. Kikundi kilichagua kiongozi wake, ambaye hakuwa mwalimu bali mwanakijiji mwenzao. Idara iliwaletea vijitabu na karatasi za maswali. Asiyejua kusoma alisomewa na mwenziwe, lakini wote walijadiliana.

Tatu, vikundi vya eneo moja vilikutana pamoja kila baada ya muda kulinganisha walichojifunza.

Nne, na hili ndilo lililokuwa la mwisho na siyo la kwanza, waliamua chama gani wakiunde. Wengine waliamua kuunda chama cha akiba na mikopo, wengine duka, wengine kiwanda. Waliogundua kwamba bado hawajaelewa, waliendelea kusoma.

Angalieni mpangilio huo. Kwetu mara nyingi tunaanza na ya nne. Chama kinaandikishwa, bodi inachaguliwa, mhuri unachongwa, ghala linapangishwa, ndipo mtu mmoja anakumbuka kwamba wanachama hawajaelezwa chama ni nini.

Matokeo yake

Karibu na Canso kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Little Dover, ambacho kilijulikana kwa umaskini wake. Wavuvi wa hapo, baada ya kusoma na kujadiliana kwa kuhimizwa na Padri Tompkins, waliingia msituni wakakata miti, wakajenga kwa mikono yao kiwanda kidogo cha kusindika kambakoche. Walisaidiwa kwa mkopo mdogo tu. Katika vijiji vingine wavuvi walijifunza habari za soko la Boston, wakaanza kupeleka kambakoche hai moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza wakaiona kwa macho yao tofauti baina ya bei ya gatini na bei ya sokoni.

Mwaka 1932 bunge la Nova Scotia lilipitisha sheria ya vyama vya akiba na mikopo, na vyama hivyo vikaenea upesi kwa wavuvi, wakulima na wachimba makaa. Mwaka 1933 Idara ilianza kutoa jarida lake, dogo kama hili letu, ili kikundi cha kijiji kimoja kijue kilichofanywa na kikundi cha kijiji kingine. Mwaka huohuo kazi ya elimu kwa wanawake iliongezewa nguvu na Sista Marie Michael wa Shirika la Masista wa St. Martha. Wanawake walikuwa na vikundi vyao, na wengi ndio waliokuwa wakishika hesabu za nyumba, hivyo hesabu za chama hazikuwatisha. Mwaka 1938, huko Reserve Mines ambako Padri Tompkins alikuwa amehamishiwa, kundi dogo la wachimba makaa lilijenga nyumba zake kwa ushirika baada ya kusoma habari za ujenzi na mikopo kwa muda mrefu. Kijiji chao kipya walikiita Tompkinsville. Kabla ya kufika mwaka 1940 vikundi vya masomo vilikuwa vimepita 1,000.

Mwaka 1939 Coady aliandika kitabu, ambacho jina lake kwa Kiswahili tungeweza kusema ni Mabwana wa Majaliwa Yao Wenyewe. Coady alifariki mwaka 1959, na mwaka huohuo chuo kilianzisha taasisi yenye jina lake kwa ajili ya kuwafunza viongozi kutoka nchi nyingine. Miongoni mwa waliokwenda kusoma huko ni watu wa Afrika Mashariki, na baadhi ya mbinu tunazozitumia katika vyama vyetu vya akiba na mikopo zimepita katika mikono ya watu wa namna hiyo.

Mambo yetu wenyewe

Asije mtu akasema kwamba mambo haya ni ya wageni. Mwaka ule wa 1932, waliopata sheria yao ya akiba na mikopo huko Nova Scotia, ndio mwaka ambao Tanganyika ilitungiwa sheria yake ya kwanza ya vyama vya ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliokuwa na umoja wao tangu mwaka 1925, waliandikisha chama kikuu chao mwaka 1933. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963. Kilikuwa na elimu ya posta na matawi mikoani, na wazee waliomo humu watakumbuka masomo ya redio na karatasi za maswali. Mwaka 1975 serikali ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa Sweden, ili mtu mzima ajifunze bila kuulizwa cheti. Katika pwani yetu hii tunavyo, Kilwa Masoko, Ikwiriri na Kibaha. Kwa hiyo mbegu tulikuwa nayo, na shamba tulikuwa nalo.

Na mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, kisha vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wengi tunapozungumza habari hizo huwa tunaulaumu uamuzi wa juu tu. Mimi nauliza swali jingine: vilipovunjwa, ni wanachama wangapi waliojua kwa hakika kitu gani chao kilichochukuliwa?

Wala sitaki mwondoke hapa mkidhani kwamba Antigonish ni peponi. Chama kikuu cha wavuvi kilichoundwa mwaka 1930 kilianguka mwaka 1988 kwa madeni. Baada ya hapo samaki aina ya chewa wa Atlantiki walipungua mno kwa kuvuliwa kupita kiasi, hata mwaka 1992 na 1993 serikali ya Kanada ikafunga uvuvi wake katika sehemu kubwa za pwani ile, na vijiji vingi vikabaki bila kazi. Mwaka 2015 ushirika mkubwa wa maduka wa majimbo yale uliuza biashara yake ya vyakula. Sababu ni nyingi, na mkaguzi mwaminifu hawezi kusema ni moja. Lakini jambo moja linaonekana wazi: vyama vilikua, vikaajiri wataalamu, vikajenga maofisi, na vile vikundi vya jikoni vikafifia. Hatari ilipokuja, watu waliokuwa na mazoea ya kukaa chini na kuichambua hesabu yao wenyewe walikuwa wamekuwa wachache. Elimu ya ushirika haifanani na msingi wa nyumba, unaojengwa mara moja ukafukiwa. Inafanana na chakula.

Kosa langu

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa niseme jambo linalonihusu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho, ambacho sitakitaja. Vitabu vyake vilikuwa safi. Kila hati ya malipo ilikuwa na sahihi zake, leja ilioana na daftari la fedha, na mizania ilikaa sawasawa. Chama kilikuwa kimekopa fedha za kujenga ghala, na deni lililipwa kwa makato katika kila kilo ya mwanachama. Makato hayo yalipitishwa na mkutano mkuu, na muhtasari ulikuwapo, na sahihi na dole gumba za wanachama zilikuwapo. Nilisimama mbele ya mkutano nikasoma taarifa yangu, nikasema hesabu ni sahihi.

Mzee mmoja aliinuka nyuma. Akasema, “Mwanangu Mkaguzi, umesema hesabu ni sahihi, nami sikupingi, maana wewe umesoma. Lakini nieleze, hilo kato la ghala mimi nililikubali lini?”

Nikamwambia, “Mzee wangu, njoo utazame.” Nikamfungulia muhtasari, nikamwonyesha jina lake na dole lake. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Kidole ni changu. Maneno si yangu.”

Watu walicheka, nami nilicheka. Mkutano ukaendelea. Lakini msimu uliofuata wanachama wengi, na mzee yule mmoja wao, walipeleka korosho zao kwa watu wa kangomba, kwa bei mbaya kuliko ya chama hata baada ya makato yote. Waliona ni afadhali hasara wanayoielewa kuliko makato wasiyoyaelewa. Korosho zilizofika ghalani zilikuwa chache, deni halikulipika, na ghala lenyewe likachukuliwa na mkopeshaji. Chama kile kimebaki jina.

Nimeisoma tena taarifa yangu mara nyingi. Sioni kosa hata tarakimu moja. Hakuna aliyeiba. Katibu alikuwa mwaminifu, bodi ilifuata taratibu, nami nilifanya kazi niliyotumwa kuifanya. Hata hivyo wanachama wamepoteza ghala lao, na wamelipoteza kwa sababu hapana hata mmoja wetu aliyekaa nao, jioni moja, kuwaeleza kwamba katika kila kilo kiasi fulani kinakwenda mahali fulani, kwa miaka mingapi, na mwisho wake ghala litakuwa la nani. Jioni moja tu, Ndugu zangu. Nilipokuwa nikipitia makisio ya chama kile ya mwaka uliotangulia, niliona fungu la elimu limefutwa, na nililipitisha bila swali, maana kufuta si kosa la hesabu.

Ndiyo sababu leo sikubali kunyamaza.

Maombi yangu

Nina maombi manne, na yote yamo katika uwezo wa vyama vyenu.

La kwanza, chama kilichofuta fungu la elimu kilirudishe kabla ya mkutano mkuu. Kama bodi haitaki, mwanachama yeyote anayo haki ya kuinua mkono na kuuliza kwa nini limefutwa. Wale mafundi wa Rochdale, baba zetu katika ushirika, walitenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu, nao hawakuwa matajiri. Na katika kanuni saba zinazokubaliwa na ushirika wa dunia nzima tangu mwaka 1995, elimu ya wanachama ni mojawapo. Sisi hatukuizua.

La pili, kila chama kianzishe walau kikundi kimoja cha masomo, cha watu kati ya watano na kumi, wanaume na wanawake. Msingoje jengo. Wavuvi wa Nova Scotia walisoma wakati wa baridi kwa sababu bahari iliwafungia. Nasi tunao wakati wetu. Wavuvi wetu wana siku za kusi kali, vyombo vinapopandishwa pwani. Wakulima wana miezi baina ya palizi na mavuno. Barazani panatosha, na chini ya mwembe panatosha. Swali la kwanza liwe moja tu: katika kila kilo au kila mtego wangu, ni nini kinachokatwa, kinakwenda wapi, na nani aliyekubali?

La tatu, nawaomba makatibu. Kabla ya mkutano mkuu, andikeni hesabu za mwaka katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha nyumbani, mwubandike mlangoni mwa ofisi siku kadhaa kabla ya mkutano na kuwapa viongozi wa vikundi nakala. Mizania iliyosomwa kwa haraka dakika kumi kabla ya chakula haijasomwa. Najua baadhi yenu mnaogopa kwamba mwanachama akielewa atauliza maswali mengi. Ni kweli atauliza. Lakini katibu mwaminifu analindwa na maswali hayo kuliko anavyolindwa na kabati lenye kufuli.

La nne, tuvitumie vyuo vilivyo karibu nasi. Tusingoje mpaka vituite. Tuviendee, tuviombe walimu waje vijijini kama wale wa Antigonish walivyowafuata wavuvi gatini.

Nami pia nina ahadi. Kuanzia msimu huu, nikifika katika chama chochote kukagua, nitaomba nikae na wanachama watatu ambao sitachaguliwa na katibu wala mwenyekiti. Nitawafungulia ukurasa mmoja wa hesabu na kuwaomba wanieleze fungu moja. Hilo halimo katika sheria, na wasipoweza sitakiandikia chama hoja ya ukaguzi. Nitakaa nao mpaka tuelewane. Ikinichukua jioni nzima, basi itanichukua jioni nzima. Niliwahi kuokoa jioni moja, na mnajua iligharimu nini.

Ndugu Mwenyekiti, chuo cha Antigonish kilikuwa na lango zuri na majengo ya kupendeza, lakini watu wa pwani ile hawakukikumbuka kwa majengo. Walikikumbuka kwa sababu siku moja mtu wake alifika gatini, akaketi juu ya kreti la samaki, akauliza bei. Vyama vyetu navyo vitakumbukwa kwa hilo, au havitakumbukwa.

Makisio yako mikononi mwenu.